Lenzi Isiyoona Juu ya Mtende

Jumapili, 6 Oktoba

Nimenunua daftari hili nipate mahali pa kutukana bila mtu kunisikia. Warda, mke wangu, amechoka nami. Asubuhi ameniambia, "Tidjani, ukilitaja tena neno lenzi humu ndani, utahamia studio na kamera yako mkaoane huko." Basi naandika.

Kisa chenyewe ni hiki. Kamera yangu ya kidijitali ni ya Kijapani, nzuri tu, haina kosa. Lenzi yake ndiyo iliyokufa mwezi wa tano, siku ya dhoruba ya mchanga; ukiizungusha inasaga kama kinu cha kahawa. Nyingine haipatikani. Dukani Biskra wananiambia "wiki ijayo, inshallah" tangu mwezi wa sita. Lakini kabatini nina lenzi tatu za Kijerumani, za enzi za filamu, zilizokuja pamoja na studio nilipoinunua kwa mzee Othmane. Chuma na kioo vitupu, nzito kama mawe ya mizani. Hazina mota, hazina waya, kila kitu unazungusha kwa mkono.

Tatizo ni kwamba hizi ni za kampuni nyingine kabisa. Shingo ya lenzi na mdomo wa kamera havijuani. Ndiyo maana jana nilisafiri mpaka soko la El Eulma kununua pete ya kuviunganisha. Muuzaji aliniapia kwa vichwa vya watoto wake kwamba inafaa. Naona watoto wake wako hatarini.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kamera inakataa kupiga. Inaandika kwenye kioo: "Hakuna lenzi." Lenzi ninayo mkononi, kilo nzima, naitazama, nayo inaniambia hakuna lenzi.

Jumatatu, mchana

Nimegundua mahali pa kuiamuru ipige hata kama haioni lenzi. Pamefichwa ndani ya ndani, kama pesa za mkwe. Imepiga. Nimepiga picha ya Warda akikata vitunguu, na uzuri wake hausemeki, macho yake yanang'aa. Akasema ni vitunguu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimempeleka Mama kwa daktari wa macho, Biskra. Daktari amesema presha ya jicho imekwisha kula sehemu kubwa, na kwamba ikifika majira ya kuchipua huenda asione tena. Alisema kwa upole, lakini alisema. Mama Hadda hakulia. Ndani ya gari, tulipoanza kuiona mitende ya kwetu, akasema:

"Tidjani, wewe si ndiye bwana picha?"

"Ndiye, Mama."

"Nataka picha ya Lamri akiwa juu ya mtende, anakata. Iwe wazi. Niione kabla sijafungwa macho."

Lamri ni kaka yangu mkubwa, ndiye mkataji wa shamba letu. Baba alikuwa mkataji kabla yake, akaanguka kutoka juu ya mtende mimi nikiwa darasa la pili. Tangu siku hiyo Mama hajatia mguu shambani wakati wa mavuno. Tende anaziona zikiwa ndani ya sanduku. Sasa macho yanaondoka, anataka kumwona mwanawe kule alikokuwa mumewe. Nani angekataa? Nilimwambia, "Wiki hii hii, Mama."

Mdomo huu utaniua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mavuno yameanza. Mitende yetu mirefu ni ile ya zamani, na degla, tende zetu bora, haitupwi chini, ikianguka imeharibika. Lamri anapanda peku mpaka kwenye makuti, na wanaume wengine wanang'ang'ania shina chini yake, mmoja chini ya mwingine, mpaka ardhini. Lamri anakata shada, anampa aliye chini yake, naye anampa wa chini yake, linashuka mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Hakuna kamba. Kwetu anayejifunga kamba anaitwa mbuzi, na jina hilo likikushika linakwenda nawe mpaka kaburini.

Nilipiga picha asubuhi nzima kwa lenzi ndefu. Wanaume wa chini wametoka wazi, unahesabu ndevu zao. Kadiri unavyopanda juu, wanafifia. Lamri ni doa.

Nilimpelekea Mama iliyo afadhali. Akaiweka chini ya kioo chake cha kukuzia, akaisogeza, akairudisha.

"Huyu ni mtu au kunguru?"

Jumapili, 13 Oktoba

Kunguru tena.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeelewa kosa. Pete ni nene mno. Inaiweka lenzi mbali na kamera kuliko inavyotakiwa, na lenzi iliyowekwa mbali huona vya karibu tu. Unazungusha mpaka mwisho, inagonga, na bado mbele kuna ukungu. Ni kama mzee anayetafuta mwezi kwa miwani ya kusomea.

"Si usogee karibu?" anasema Warda.

Nikisogea karibu na shina naona nyayo na makalio ya wanaume watano, na juu yake makuti. Ili kumwona Lamri lazima nirudi nyuma hadi ukingo wa mfereji, na kutoka hapo lenzi haifiki. Picha za simu nazo ukizikuza zinageuka vigae.

Halafu kuna Lamri mwenyewe. Nikiinua kamera anageuka. Anatupa mgongo. Na amevaa ile kashabia yake, joho refu la sufi, katika joto hili, anasema inamkinga na miiba. Wengine wako na fulana. Kaka yangu toka zamani anajiona sultani, lakini mwaka huu amezidi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimekwenda kwa Seghir, fundi wa kukereza vyuma, yule mwenye karakana karibu na kituo cha mafuta. Nikamwonyesha pete.

"Nipunguzie unene kidogo sana. Kama ukucha."

"Ukucha wa nani? Wako au wa mke wako?"

"Seghir, hii si bomba la pampu. Hii ni kazi ya nywele."

"Bwana wee, mimi nimekereza ekseli za malori. Hiki kipete cha kuchezea kitanishinda?" Akakibana kwenye mashine, sigara mdomoni, anazungumza na mteja mwingine habari za mpira. Nilitaka kumwambia atazame anachofanya. Ukimkera fundi akiwa na kitu chako mkononi, umejikera mwenyewe.

Jumamosi, 19 Oktoba

Amekereza upande mmoja zaidi ya mwingine. Sasa kushoto kwa picha kila kitu ni wazi mpaka mbali kabisa, nimeuona mnara wa msikiti tofali kwa tofali. Kulia ni uji.

Jumapili, 20 Oktoba

Seghir anasema pete iko sawa, nimeishika kombo. Nikamwambia hata mimi nimezaliwa kombo lakini picha zangu zilikuwa nyoofu. Tukatupiana maneno. Mteja mmoja akatuletea kahawa tunyamaze. Mwisho Seghir akasema, "Nunua kamera ya watu wazima." Sitakanyaga tena pale.

Alhamisi, 24 Oktoba

Siku nne nakata karatasi ya jibini. Zile jibini za pembetatu wanazokula watoto, zimefungwa karatasi ya bati. Nakata kipande chembamba, nakiweka chini ya pete upande uliokerezwa sana, nafunga skrubu, napiga picha ya mnara, nakuza, nalaani, nafungua, naongeza kipande. Mfa maji haishi kutapatapa. Wateja wa picha za vitambulisho wanakuta meza imejaa jibini.

"Unafungua mgahawa?" akauliza mmoja.

Warda anasema mwaka huu tutakula jibini mpaka Ramadhani.

Jumamosi, 26 Oktoba

Imekubali! Vipande vitatu vya karatasi, na mnara uko wazi kulia na kushoto. Nilikwenda shambani mbio, sikunywa hata kahawa. Nikajipanga kwenye ukingo wa mfereji, nikakuza kwenye kioo cha kamera, nikazungusha polepole mpaka kuti likatoka na miiba yake yote. Na katikati ya makuti, Lamri. Mgongo wa Lamri.

"Kaka! Geuka kidogo!"

"Nigeukie nini? Nakata au nacheza?"

"Mama anataka kukuona!"

"Mama ananiona kila siku mezani!"

Wanaume wote shinani wakacheka. Nikasubiri. Kila aliposhika shada na kugeuka kulishusha, alivuta kashabia kwa mkono wa pili, akafunika mwili, akarudi nyuma ya makuti. Niliondoka na picha za mgongo tu. Alipotua chini nilimwambia mbele ya watu kwamba ana kiburi hata kwa mama yake mzazi. Akachukua kikombe cha maziwa mgando, akanywa, akaenda mtende mwingine.

Nilirudi nyumbani na hasira mpaka Warda akaniondolea sahani ya shakhshukha mbele yangu. Nilikuwa naichoma kwa kijiko tu.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Katika mwezi huu! Degla ikinyeshewa ikiwa juu inachacha. Wote wanafunika mashada kwa plastiki.

Jumamosi, 2 Novemba

Bado mvua. Nimekwenda kusaidia kubeba plastiki, kamera nimeiacha. Mashina yanateleza kama sabuni. Wakwezi wengine wamekataa kupanda, na hakuna wa kuwalaumu. Lamri amepanda mti baada ya mti peke yake, akivisha mashada mifuko, na kila aliposhuka midomo yake ilikuwa ya buluu. Nilimpa taulo. Akasema, "Shikilia mifuko, bwana picha," lakini alisema vizuri.

Nilimtazama akipanda tena. Nilijisikia vibaya kwa yale ya kiburi. Kidogo.

Jumanne, 5 Novemba

Jua limetoka. Karatasi za jibini zimepata unyevu, pete imelegea, kulia uji tena. Naanza upya.

Jumamosi, 9 Novemba

Mama amemwaga kahawa nje ya kikombe leo, na hakujua. Sote tulijua. Warda alifuta meza huku akizungumza habari za bei ya mafuta ya zeituni ili Mama asisikie kitambaa.

Baadaye akaniita. "Picha?"

"Bado, Mama. Pete..."

"Kila siku pete. Harusi gani hii isiyofika?"

Mitende mirefu iliyobaki ni michache, ya kule mwisho wa shamba. Ikimalizika hiyo, Lamri anashuka mpaka mwakani, na mwakani Mama hatakuwa na jicho la kumtazamia.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeipata. Sijui kama nifurahi.

Leo walikuwa kwenye mitende ya mwisho. Upepo ulikuwa mkali, makuti yanapigana. Nilikuwa nimeifunga pete kwa vipande vipya na gundi, nikajificha nyuma ya ukuta wa udongo wa jirani, sikumwita Lamri wala sikumwamkia. Lenzi hizi hazikufanyii kitu. Kamera za sasa zinatafuta uso zenyewe. Hii inakungoja wewe. Nikazungusha mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka nikaziona nyuzi za kashabia. Nikafunga tundu la lenzi kidogo ili picha iwe kali, kioo kikaingia giza, nikasubiri.

Upepo ukaja. Kashabia ikapanda mpaka mabegani kwake, naye mikono yote miwili alikuwa ameshika shada, hakuweza kuivuta. Nikapiga picha tano, sita. Nilicheka kwa sauti peke yangu pale ukutani. Uso upande, kisu mdomoni, shada kubwa la dhahabu, kila kitu wazi.

Nilirudi studio, nikaifungua kwenye kompyuta, nikaikuza. Kiunoni kwake kuna mkanda. Mweusi, mpana, umezunguka kiuno, ukapita nyuma ya shina la makuti, ukarudi. Una kile kifungo cha chuma cha mikanda ya gari.

Lamri amejifunga. Lamri ambaye wakwezi wa vijiji vitatu wanamtaja kwa jina. Nilikaa mbele ya kompyuta nikaona kila kitu kwa pamoja: mgongo, sufi katika joto, mkono unaovuta nguo. Nilimwita mwenye kiburi mbele ya watu, na mtu alikuwa anaogopa.

Jumanne, 12 Novemba

Nilimkuta bandani akipanga masanduku. Nilikuwa sijasema neno. Akaitazama kamera, akanitazama mimi.

"Umeona."

"Nimeona. Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kukata."

"Miaka yote hiyo, Kaka?"

"Ulitaka nitangaze msikitini?" Akaketi juu ya sanduku. "Wewe siku ile ya Baba ulikuwa shuleni. Mimi nilikuwa wa pili shinani, chini yake. Alinipita, Tidjani. Nguo yake ilinigusa usoni. Nilinyoosha mkono, nikashika upepo."

Sikuwahi kuambiwa hilo. Kwetu tulikuwa tunasema "alianguka", basi, kama vile hakukuwa na mtu mwingine pale.

"Hawa wanaume hawatasimama chini ya mbuzi," akasema. "Na Mama nimemficha miaka yote naonekana simba. Leo anakaribia kupofuka, ndipo aone kitu hiki? Kifute."

"Nitafuta."

"Niapie."

Nikamwapia. Sasa niko mbele ya kompyuta na kidole hakishuki. Mwezi mzima na zaidi, El Eulma, Seghir, jibini, mvua, na picha pekee iliyo wazi ndiyo isiyoonyeshwa. Nina hasira na lenzi, na Lamri, na Baba, na kila mwanamume aliyewahi kumwita mwenzake mbuzi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nilimpelekea Mama picha ya mwezi uliopita, ile ya mgongo, nimeikuza na kuitengeneza rangi. Nilimwambia ndiyo nzuri kuliko zote.

Aliipitia kwa kioo, kona kwa kona. Kisha akaiweka juu ya meza, kinyumenyume.

"Nzuri kwa nani?"

"Mama, tutaitia kwenye fremu..."

"Fremu ya nini? Ukuta huo nitautazama mpaka lini?" Sijamsikia Mama akipaza sauti tangu utotoni. "Mnadhani mimi nataka pambo? Nataka kuona kiuno chake! Nataka kujua kama mwanangu amejifunga, au ni mpumbavu kama baba yake!"

Warda alitoka jikoni na mikono ya unga, akasimama mlangoni.

"Nilimwambia baba yenu ajifunge," Mama akasema. "Kila mwaka nilimwambia. Alicheka. 'Hadda, mimi si mbuzi.' Nilikuwa na mbuzi mwaka ule. Alikufa mzee."

"Kwa nini hukumwuliza Lamri?"

"Nimwulize aniapie? Kila mkataji humwapia mama yake. Picha haiapi." Akapangusa macho, yale macho. "Msimu mzima nakaa hapa nasikia kila kishindo cha nje. Kila mwaka. Nikipofuka sitakuwa na kazi nyingine ila kusikiliza."

Nilikuwa nimetoa ahadi mbili, moja kwa Mama ya kuipata, moja kwa Lamri ya kuifuta. Nilichagua.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimeichapa kubwa, ukubwa wa bango la harusi. Nilimwekea magotini watu wakiwa bado msikitini. Hakugusa uso wa Lamri, wala shada. Kioo chake kilishuka moja kwa moja, kikatafuta, kikapita, kikarudi, kikasimama pale penye kifungo cha chuma. Hapo akakishika kwa mikono miwili.

Lamri aliingia kutoka msikitini. Aliiona picha tokea mlangoni, na jinsi alivyonitazama, kama isingekuwa Ijumaa angeninyonga. Nilijisogeza upande wa Warda.

"Lamri," Mama akasema bila kuinua kichwa. "Hiki ni nini?"

Kaka yangu akafunga mlango nyuma yake.

"Mkanda, Mama."

"Wa nini?"

"Wa kiti cha gari. Wa gari bovu la Seghir."

"Unashika?"

"Unashika."

"Umewahi kukushika?"

Lamri akatazama sakafu. "Siku ile ya mvua," akasema. "Mara mbili."

Mama akaweka kiganja juu ya picha, akakiacha hapo.

"Kesho nenda kwa Seghir ukakate wa kiti cha pili," akasema. "Funga miwili."

"Ndiyo, Mama," akasema Lamri, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, akavua viatu akakaa chini karibu na magoti yake.